Supu Niliyowapikia Wageni

Mimi ni mpishi wa safari, mwenyeji wa Karatu, na haya ninayoyasimulia ni ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu ameyasoma kabla yako na ameniruhusu niyaseme.

Kazi yangu iko hivi. Watalii wanaokuja kushuka Kreta ya Ngorongoro hawalali wote hotelini. Wengine hulala kwenye mahema, na kila kundi huwa na dereva wa kuliongoza na mpishi wa kulilisha. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita Simba, kambi ya umma iliyo juu ya ukingo wa kreta, ambako wapishi wa kampuni mbalimbali hupika chini ya paa moja, kila mmoja na jiko lake la gesi na masanduku yake ya vyombo. Ni mahali pa baridi kali. Ukingo ule uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji hayangoji kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Yakifika 92 hivi yanatokota. Mpishi mgeni huona sufuria inaruka mfuniko akadhani chakula ki karibu kuiva, kumbe maharage yake bado yana safari ndefu.

Upishi nilijifunzia hapo. Mgeni akirudi jioni, vumbi limemjaa na mwili unamtetemeka, kitu cha kwanza mezani ni supu ya mboga: karoti na tangawizi, au boga, au ndizi mbichi. Nilifundishwa na wakubwa zangu kazini kukaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kibadilike rangi na kutoa utamu wake, ndipo kitunguu saumu na tangawizi vifuate, ndipo karoti, na maji mwisho. Nilijifunza kwamba ndimu ikikamuliwa chakula kikishaepuliwa, chumvi kidogo inatosha. Nilijua kumlisha mgeni asiyekula nyama, mgeni mwenye kisukari, mgeni aliyekatazwa chumvi na daktari wake. Karatasi ya ofisini ikija imeandikwa kwamba fulani hali chumvi, nililala nikiwaza nitampa nini mtu huyu ili safari yake yote asijione yuko kwenye adhabu. Na akila akasema chakula ni kitamu, nilifurahi kuliko nilivyofurahia bakshishi.

Nyumbani kwangu sikuwahi kupika. Jikoni pale nilipita tu kuuliza kama chakula tayari.

Nieleze nilikotoka, maana upofu wangu ulikuwa na mzizi. Nimekulia katika nyumba ambayo mnavu na mlenda vilikuwa chakula cha kila siku kwa sababu hakukuwa na kingine. Nyama tulionja sikukuu. Nilipoanza kupata mshahara, niliapa moyoni kwamba wanangu hawatakula majani kama nilivyokula mimi. Kwa hiyo kila nikirudi kutoka safari nilirudi na mapenzi yangu yote yakiwa kwenye mfuko: nyama ya mnadani yenye mafuta, kreti la soda, dumu la mafuta ya kupikia, mkate mweupe, na chipsi za kufunga kutoka barabarani. Watoto walinikimbilia. Niliwatazama wakila na roho yangu ikatulia, nikiamini kwamba nimewaokoa na utoto wangu.

Mke wangu alikuwa akipika nitakavyo. Nilitaka mchuzi unaoelea mafuta, nilitaka ugali wa sembe nyeupe, na sahani ikifika nilinyunyizia chumvi mbichi kabla hata sijaonja. Mama mkwe wangu anaishi Mbulumbulu. Kila alipokuja kututembelea alibeba fungu la mnavu kutoka shambani kwake, amelifunga vizuri kwa khanga. Siku moja, mbele ya wanangu, nilimwambia, "Mama, kwa nini unajichosha na mzigo? Hapa hatuna shida ya chakula." Alinyamaza. Fungu lile lilinyaukia pembeni ya jiko. Sijui kwa nini aliendelea kuja.

Mwaka 2017 nao ulinigusa nisiamke. Wanaolima huku wanaukumbuka. Sisi wa Karatu, na wenzetu wa Babati, tulikuwa tunalima mbaazi za kuuza India. Mwaka ule India ikaweka ukomo wa mbaazi inazonunua kutoka nje, na bei kwetu ikaanguka mpaka watu wakaona hailipi hata nauli ya kuzipeleka sokoni. Mke wangu alikuwa na magunia yake ndani. Viongozi wakawa wanahimiza, jamani, mbaazi ni chakula, zileni. Mimi nilichukia kabisa. Nilisema mbaazi ni biashara, hazitaingia kwenye sahani yangu. Wakati huohuo kambini nilikuwa napika dengu kwa ajili ya wageni wasiokula nyama, nikizitia binzari na giligilani, na wao wakiniomba niwaeleze nimezipikaje.

Kuna jambo jingine niliona kwa macho nisilielewe. Mlinzi mmoja wa kambini, mzee wa Kimaasai, alipenda supu ya nyama iliyochemshwa na magome ya mti wa olkiloriti. Nilijiambia, huyu anakula mafuta kuliko mimi na yuko imara. Sikujiuliza anatembea umbali gani kila siku, wala ni mara ngapi kwa mwezi anapata nyama hiyo. Mimi nyama nilikula kila siku, nimeketi ndani ya gari.

Mwanzoni mwa 2020 nilipimwa afya pamoja na wenzangu wa kazini. Wahudumu wa afya huanza kusema mtu ana presha pale namba ya juu inapofika 140 au ya chini inapofika 90. Zangu zilikuwa zimepita zote mbili kwa mbali. Nikapewa vidonge na maelekezo. Vidonge nilimeza mpaka kichwa kilipoacha kuuma, kisha nikaviweka kando, kama wafanyavyo wengi, nikidhani nimepona.

Mwezi Machi mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, naye alipatikana Arusha, mlangoni petu. Safari zikafutwa moja baada ya nyingine. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Karatu inaishi kwa magari ya watalii, na magari yakaacha kupita. Nilirudi nyumbani bila tarehe ya kuondoka, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea tangu nioe.

Ndipo nilipowaona watu wangu. Binti yangu wa mwisho alikuwa mzito, hachezi, viganja vyeupe. Mama yake alikuwa ameniambia kwenye simu na mimi nilimjibu kwamba watoto huwa hivyo. Tulimpeleka zahanati, akapimwa, damu yake ikaonekana iko chini. Nesi akaanza kumuuliza mke wangu taratibu: anakula nini, anakunywa nini. Mke wangu akasema ukweli wote. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana ugali na nyama kidogo na chai, jioni wali na chai tena. Nesi akaeleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na kwamba limau au nyanya mbichi hufanya kinyume chake, hasa kwa chuma kilichomo kwenye mboga za majani na maharage. Akaandika dawa. Kisha akauliza, kwa ajili ya kujaza daftari tu, "Baba anafanya kazi gani?"

Mke wangu akajibu, "Ni mpishi."

Nesi hakusema neno. Aliandika. Mimi nilitazama chini mpaka tulipotoka.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka, na huenda wewe unayesoma uko hapo nilipokuwa mimi baada ya zahanati, umeshtuka na unataka kubadili kila kitu kwa siku moja. Nilifika nyumbani nikatoa amri. Mafuta marufuku, chumvi marufuku, soda marufuku, nyama marufuku. Mboga zichemshwe chukuchuku. Maharage chukuchuku. Viazi chukuchuku. Niliita hiyo afya. Watoto walikaa mbele ya sahani wakigeuzageuza vijiko. Mwanangu mkubwa akaanza kupotea jioni, nikaja kujua alikuwa anakula mandazi kwa jirani. Yule mdogo, ambaye ndiye tulikuwa tunamhangaikia, alikula kidogo kuliko zamani. Mimi mwenyewe usiku niliamka nikala ugali uliobaki kwa chumvi, gizani.

Mke wangu alivumilia, kisha akaniuliza swali moja. Hakuuliza kwa hasira. Alisema, "Mume wangu, kule Simba, mgeni wako mwenye presha ungempa sahani hii?"

Sikuwa na jibu. Nisingempa. Ningekesha nikitafuta ladha yake. Ujuzi wote niliokuwa nao, kitunguu cha moto mdogo, ndimu ya mwisho, tangawizi, subira, nilikuwa nimewapa watu nisiowajua majina, na wanangu nikawapa kwanza mafuta, kisha adhabu. Nililia siku ile, na sioni haya kuandika.

Kesho yake niliomba ruhusa ya kuingia jikoni kwake. Nasema ruhusa kwa sababu jiko lile lilikuwa lake, na kwetu mwanamume mwenye watoto wakubwa kushika mwiko nyumbani ni jambo la kusemwa mtaani. Kazini analipwa, haina neno. Nyumbani ni aibu. Angeweza kunifukuza. Alisogea pembeni akaniachia nafasi kwenye figa.

Nilianza na maharage, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Huku kwetu, kwa kuwa tuko juu na maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, maharage na makande huchelewa kuiva, na kuni ni ghali. Kwa hiyo tunatia magadi. Kila nyumba niliyoijua ilitia magadi. Kumbe magadi ni chumvichumvi yenye sodiamu, ileile inayopandisha presha, na magadi ya ukanda wetu mara nyingi yana floraidi, ambayo pamoja na ile iliyomo kwenye maji ya sehemu nyingi za mkoa wa Arusha ndiyo inayowapaka watoto wetu meno ya kahawia. Mwanangu mkubwa anayo meno hayo. Nikakumbuka kwamba kambini, mahali pa juu na pa baridi kuliko nyumbani, sikuwahi kutia magadi kwenye chakula cha mgeni. Niliroweka maharage usiku, nikayamwaga maji yake asubuhi, nikapika kwa maji mapya na kufunika sufuria. Basi. Nikayaunga kwa kitunguu cha Mang'ola, kile chekundu cha kando ya Ziwa Eyasi, kilichokaangwa polepole kwa kijiko cha mafuta ya alizeti, karoti ya kukwaruza, nyanya, kitunguu saumu. Chumvi niliitia mara moja, mwishoni, ulimi unapoisikia mapema. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Zamani mimi nadhani nilimaliza kiasi hicho mchana tu.

Watoto walikula. Hawakusifu, walikula wakaongeza. Nilitoka nje nikasimama.

Juma lililofuata mama mkwe alifika na fungu la mnavu. Nilimpokea mzigo mlangoni, "Shikamoo mama," akaitika marahaba na kunitazama, maana sikuwahi kumpokea ule mzigo. Nikamwambia, "Mama, naomba unifundishe kuupika. Nimesahau." Angeweza kunikumbusha maneno yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuyasikia. Alisema tu, "Lete sufuria, mwanangu."

Mnavu wa mama mkwe hauna siri kubwa, una uvumilivu. Majani huchambuliwa na kuoshwa. Huchemshwa kidogo, maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa. Kisha hurudi jikoni na kitunguu na nyanya, na yakishalainika humiminiwa maziwa, mabichi au mgando, na kuachwa kwenye moto mdogo mpaka maziwa yashike majani. Kwa watoto huchanganya na mchicha ili uchungu upungue. Nilionja nikamkumbuka marehemu mama yangu. Chakula ambacho nilikuwa nimekiita umaskini kilikuwa na kila kitu ambacho nesi alikitaka kwa binti yangu, na kilikuwa kimenyaukia pembeni ya jiko langu miaka yote ile. Huko Tengeru, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwetu, kuna kituo cha utafiti wa mboga ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiboresha mbegu za mnavu, mchicha na nyanya chungu. Wataalamu wametoka mbali kuja kuyasoma majani ambayo mimi nilizaliwa nayo nikayakimbia.

Baada ya mnavu zikaja mbaazi. Mpishi mwenzangu kutoka Tanga alikuwa amenisimulia mbaazi za nazi zinazoliwa asubuhi na watu wa pwani. Nazi Karatu hufika ikiwa imechoka na bei juu, kwa hiyo nilijaribu karanga. Nilikaanga karanga, mke wangu akazitwanga, tukazikoroga kwenye mbaazi zilizoiva na binzari na pilipili hoho. Mara ya kwanza zilikuwa nzito mno. Mara ya pili tuliweka maji ya mbaazi zenyewe, na ndimu, zikawa chakula. Watoto walikula na ndizi za kuchemsha.

Ugali ndio ulionisumbua kuliko vyote. Nilitaka tuhamie dona, kwa sababu sembe imeondolewa kiini na pumba, na humo ndimo sehemu kubwa ya virutubisho ilimo. Watoto walilalamika kwamba unanuka na una rangi mbaya. Walikuwa na haki. Nilikuwa nimesagisha gunia zima, na unga wa dona, kwa kuwa kiini chake kina mafuta, haukai muda mrefu kabla ya kuchacha. Sasa tunasagisha kidogo kidogo. Na mahindi yake tunayaanika kwenye turubai yakauke kabisa, tunachagua na kutupa yaliyooza au yenye ukungu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na ukiamua kula punje nzima lazima punje iwe safi. Tulianza kwa kuchanganya, dona kidogo na sembe nyingi, tukawa tunageuza taratibu mpaka watoto wakazoea bila kugombana.

Nyama hatukuiacha. Inakuja mara chache, vipande vidogo, ndani ya mchuzi wenye mboga nyingi, nayo inanukia nyumba nzima. Chai imehamia katikati ya milo. Jioni za baridi, na Karatu ina jioni za baridi hasa Juni na Julai, napika ile supu ya karoti na tangawizi. Mara ya kwanza nilipoiweka mezani, binti yangu aliuliza kama ndiyo wanayokunywa Wazungu. Nilimjibu kwamba ni karoti za Karatu, wao walikuwa wanapita tu.

Wageni waliporudi nami nilirudi kambini, na nilianguka. Wapishi husubiri wageni wale, kisha hukaa kwenye masalia: viazi vya kukaanga, nyama, chumvi, usiku. Vidonge nilivisahau tena. Nilirudi nyumbani na soda kwenye gari. Mke wangu alizipokea, akaziweka juu ya kabati bila neno, akanipa mnavu na dona. Sikustahili kupokelewa vile. Baadaye nilirudi zahanati mwenyewe, nikaeleza, wakanirudisha kwenye dawa. Ninazimeza mpaka leo, maana chakula kizuri kimesaidia dawa kufanya kazi, hakijachukua nafasi yake. Namba zangu sasa ziko mahali ambapo muuguzi haniiti pembeni. Binti yangu anakimbia kwenda shule na dada zake.

Nikiwa safarini sasa nabeba mbaazi zangu kwenye kopo, na wapishi wawili watatu wa Simba wameanza kula nami. Mwanangu mkubwa bado hapendi mnavu. Anakula majani ya maboga, na tumekubaliana hivyo. Kilichobaki kunishinda ni sukari ya chai. Nimeipunguza nusu, nimekwama hapo, na asubuhi za baridi mkono unateleza kurudi kwenye kopo. Mama mkwe ameniletea shina la mchaichai, nimelipanda nyuma ya jiko, anasema chai yake haidai sukari nyingi. Limeanza kushika.